Shangazi Agatha Apata Mchumba

Siku ya kuagana pale kambini Mission, Texas, tunakokimbilia baridi ya kwetu kila mwaka, kila mtu huja na kiti chake na chungu chake, na kila mtu huondoka na habari za mwenzake. Nilikuwa nimebeba bakuli la vereniki, yale madonge ya unga yenye jibini ndani na mchuzi wa malai juu, natafuta pa kuliweka. Mume wangu Abram akasimama, akagonga kikombe kwa kijiko, akatangaza mbele ya meza zote:

"Jamani, Shangazi Agatha amepata mchumba!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nikabaki na bakuli mkononi.

Shangazi Agatha ni gari letu. Basi zima, lina kitanda, jiko, choo, na kimeza cha watu wanne ambacho nimewahi kukalisha watu tisa, na wote wakashiba. Tulilipa jina hilo kwa sababu likipanda mlima hulalamika vilevile alivyokuwa akilalamika shangazi yake Abram, Mungu amrehemu, kila alipoombwa ainuke kitini.

"Mchumba gani huyo?" mtu akauliza.

"Diedrich Penner, wa kwetu Altona, Manitoba. Anakuja kuliona Jumamosi mchana. Tukikubaliana, jioni analiendesha kwake."

Macho yote yakamwacha Abram yakanigeukia mimi. Kambi ya wastaafu haina kazi nyingine mchana kutwa, kwa hiyo watu wake wanajua kusoma uso wa mtu kuliko daktari. Nikaliweka bakuli mezani.

"Haya, kuleni, vereniki zinapoa," nikasema.

Sikuongeza neno. Nasikia mpaka leo wanasimuliana jinsi Elvira Friesen alivyonyamaza.

Tulipoingia ndani na kufunga mlango ndipo nikapata ulimi wangu.

"Abram, umemposesha Agatha bila kunishirikisha?"

"Nilikuwa natafuta nafasi ya kukuambia."

"Ukaona uanze na kambi nzima."

"Tumezeeka, Vira. Mafuta yamepanda, mgongo wangu nao ndio huo. Penner yuko tayari, na asipolipata hili Jumamosi, Jumatatu asubuhi anakwenda Winnipeg kununua jingine. Nimemwahidi atalikuta uani kwetu."

Akaanza kukunja viti kana kwamba mazungumzo yamekwisha.

Nyumba yetu ya Altona si mbaya, sitaki kuisingizia. Ina paa zima na tanuri la joto. Lakini theluji ikishaanguka, ndani mwake kuna ukimya ambao unausikia unatembea na soksi. Watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili, wanauliza hali ya hewa. Kule Mission nikifungua mlango wa Agatha asubuhi, kahawa haijachemka, mtu ameshafika na kiti chake. Huyu mumewe amenuna tangu Krismasi, yule binti yake kaolewa na mpiga ngoma, mwingine kaota mguu unauma na kweli unauma. Tunatafuna mbegu za alizeti, tunatema maganda, tunatengeneza dunia. Bila Agatha ningebaki mimi, Abram na televisheni, na katika sisi watatu, muongeaji angekuwa televisheni.

Basi nikakaa kitandani nikapiga hesabu yangu.

Sisi Wamenno wa Altona, watu wa kanisa moja la zamani, tuna taratibu zetu. Jumapili hatuuzi, hatununui, na bei ya kitu haitajwi hata kwa mzaha. Mtu akija Jumapili alasiri, hata bila kualikwa, anakaribishwa faspa: mikate midogo, jibini, jamu, soseji baridi na kahawa. Anakula, anatoa habari, anachukua habari, anakwenda zake. Tukiingia Altona Jumapili badala ya Jumamosi, Penner angekuja, angekunywa kahawa huku analikodolea gari macho kupitia dirishani, na asiweze kulitaja. Na Jumatatu kukipambazuka angekuwa njiani kwenda Winnipeg.

Nilihitaji kupoteza siku moja tu. Kutoka Texas hadi Manitoba, nchi nzima hiyo ya kukatiza, mimi nishindwe kupoteza siku moja?

Tatizo ni Abram. Abram akishapanga safari, hata mvua inatakiwa imwombe ruhusa. Anajua tutakula wapi, tutalala wapi, tutamwaga maji machafu wapi, na kituo gani cha mafuta kina njia pana ya kugeuzia.

Nilianza kazi Oklahoma. Jioni, Abram akiwa anaunganisha umeme, nilizunguka kambini tulipolala na kumwambia kila niliyemkuta: kesho asubuhi chapati za maji kwetu, njooni na sahani. Wakaja! Wakaja hata ambao sikuwaalika. Alikuwepo bwana mmoja na mtalaka wake, wameachana zamani lakini bado wanasafiri pamoja kwa sababu hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake mbwa. Kisa hicho peke yake kilistahili asubuhi nzima. Nilimimina unga, nikageuza, nikamimina tena, huku jua likipanda.

Abram alisimama mlangoni na funguo mkononi, anatabasamu kwa meno tu.

"Mama, wageni watachoka."

"Wageni? Hawa? Hebu kaa ule."

Tuliondoka tumechelewa vizuri kabisa. Lakini Abram hakusimama kula mchana wala kunyoosha miguu, na jua lilipotua tulikuwa palepale alipokuwa amepanga tulale. Nilishika kichwa.

Kansas nilidhani nimeshinda. Kwenye pampu ya mafuta mjini Newton alikuwepo bwana mwenye kofia ya duka la mbegu, na jina limeandikwa kifuani: Unruh. Sisi hatuwezi kumwacha mtu mwenye jina la Kimenno kama hilo aende kabla hatujajua bibi zetu walikutana wapi.

"Wewe Unruh wa nani?" nikamwuliza.

"Wa Jakob, yule mwenye mizinga ya nyuki. Na nyinyi?"

"Huyu ni Friesen wa Heinrich, mama yake Schmidt."

"Schmidt yupi? Mnene au wa kinu?"

"Wa kinu!"

"Basi huyu ni ndugu yangu!" Akamkumbatia Abram, pampu ikiwa bado mkononi. Tukapelekwa nyumbani, tukawekewa supu, mkate na keki ya plamu, picha za marehemu zikatolewa sandukuni. Mimi nilijiegemeza kitini kama mtu aliyehamia. Nilipoulizia tu habari za tawi la familia lililokwenda Paraguai, ambalo najua huchukua jioni nzima, Abram akainuka.

"Ndugu yangu, asante sana. Lakini kuna mtu anatungoja Jumamosi."

Na mtu mwenyewe alipiga simu kabla hatujatoka nje ya mji.

"Vira, mko wapi?"

"Kansas."

"Bado Kansas?"

"Kansas ni kubwa, Diedrich, mimi sikuichora."

"Fanyeni haraka basi. Margreta ameshanunua kitambaa cha mapazia."

"Rangi gani?"

"Kijani. Kama mbaazi."

Nikakata simu. Agatha avalishwe kijani cha mbaazi!

Tulipita Nebraska, tukapita Dakota Kusini, nami nikawa nimeishiwa na ujanja. Nilisema nimesahau miwani kwenye choo cha kambi, tukarudi, miwani ikawa kichwani. Nilisema nasikia harufu ya gesi, Abram akakagua, hakuna gesi. Basi Alhamisi jioni tukafika Fargo, na pale Mungu mwenyewe akaingilia kati.

Mto Mwekundu ulikuwa umefurika. Hufurika kila theluji inapoyeyuka, lakini mwaka huu ulikuwa umepanda mpaka barabarani, na njia kuu ya kaskazini ilikuwa imefungwa. Mtu wa redio alisema itafunguliwa maji yatakapotaka.

"Masikini!" nikasema, huku nakata keki. "Itabidi tungoje."

Abram alikunjua ramani mezani, akaisukuma keki pembeni. Kidole chake kikaiacha barabara yetu, kikaenda magharibi hadi Jamestown, kikapanda Carrington, kikapita ziwani, kikafika Langdon, kisha kikageukia mashariki hadi kile kituo kidogo cha mpakani cha Walhalla.

"Tunazunguka," akasema. "Mtoni kule hatufiki kabisa. Jumamosi mchana tuko nyumbani."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona Abram akibadili safari kwa hiari yake, na akaibadili dhidi yangu.

Ijumaa kulikucha na upepo. Carrington tukaingia mgahawani, na mwenyewe, mama mmoja mnene anayeitwa Arlys, akatazama dirishani Agatha anavyotikisika mahali alipoegeshwa.

"Sanduku hilo mnalipeleka kaskazini leo?"

"Ndiyo," akasema Abram.

"Mzee, upepo wa asubuhi umeng'oa banda la kuku la shemeji yangu. Kuku wenyewe hawajaonekana."

"Unaona?" nikasema. "Tulale hapa. Dada Arlys, jioni kuna nini?"

"Kuna bingo."

"Bingo, Abram!"

"Nimemwahidi Penner," akasema. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na andazi la tufaha alilolipenda kuliko vyote lilikuwa halijaguswa. Niliona. Nikadhani amenuna.

Huko nje hakuna mti, hakuna kilima, hakuna kitu cha kuuzuia upepo mpaka ncha ya dunia. Barabara ilikuwa nyembamba, yenye mitaro iliyojaa maji kila upande. Agatha alikuwa analia kwa sauti zake zote. Mabalungi tuliyotoka nayo Texas yakatoka kwenye gunia, yakawa yanabingirika sebuleni. Kisha lori la ng'ombe likaja mbele yetu, likatupita, na pigo la upepo wake likatusukuma tukaonja changarawe ya ukingoni. Abram akalirudisha gari barabarani. Mbele kidogo palikuwa na ghala la nafaka lenye uwanja mpana. Akaingia humo, akazima injini.

"Nilisema mimi!" nikaanza. "Nilisema tulale, tungekuwa sasa hivi tunacheza..."

Nikamtazama. Mikono ilikuwa bado imekamata usukani, vidole vimekuwa vyeupe, na jasho linamtiririka shingoni, katika baridi ile.

"Vira, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuendesha. Siwezi tangu siku nyingi."

Akaniambia akitazama mbele. Wakati wa kwenda Texas, msimu wa majani kupukutika, lori lilikuwa linampita na ghafla akajikuta upande usio wake, asijue alifikaje. Mimi nilikuwa nyuma napaka mkate siagi, sikuhisi kitu. Tangu siku hiyo aliogopa kila asubuhi ya safari. Akiona lori kwenye kioo, mikono inaanza kutetemeka yenyewe.

"Ulidhani nakimbilia Penner," akasema. "Nakimbilia kushuka, Vira. Nataka tufike, nishuke, nisipande tena kabla sijakuua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, kambi nzima ingejua kabla ya chakula cha jioni."

Na ni kweli. Ningeanza na yule jirani wa mkono wa kulia, kwa siri, na kwa siri hiyohiyo ingezunguka hadi kwenye bwawa la kuogelea.

Upepo ukawa unapiga mabati ya ghala. Nikaokota balungi moja lililofika mguuni pangu, nikaliweka juu ya kimeza.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwenye kiti."

"Mama, hili si gari la kwendea sokoni."

"Abram Friesen, siku zile unakuja kuniposa kwa baiskeli, nani alikuwa anaendesha lori la ngano la baba?"

Akafikiri. "Lile lilikuwa dogo."

"Lilikuwa limejaa ngano, na breki zake zilikuwa kwa neema ya Mungu."

Ni kweli hapakuwa na mtu aliyewahi kunikataza kumwendesha Agatha. Kambini mwanamume hukaa kwenye usukani na mkewe humpa kahawa, ndivyo ilivyokuwa tulipofika na ndivyo tulivyoendelea. Hakuna aliyeuliza. Nilivuta kiti mbele, nikaweka mto mgongoni, nikasubiri upepo upumue, nikatoka.

Sitasema niliendesha vizuri. Niliendesha polepole kama mwenye kusindikiza jeneza, na nyuma yangu magari ya watu wa Dakota yalijipanga, yakipiga honi kwa adabu. Abram alikuwa kando yangu amekanyaga sakafu kwa miguu yote miwili.

"Kulia, Vira! Kulia!"

"Naona."

"Lori linakuja!"

"Lije, barabara si ya baba yake. Na ukisema kulia tena nitakuhamishia nyuma na mabalungi."

Lori likaja, likapita, Agatha akatikisika, nami nikamkamata kama unavyomkamata ng'ombe pembe. Mpaka mkono ukazoea. Tulipofika Langdon jua lilikuwa bado liko juu, ila kile kituo kidogo cha mpakani hufunga mapema, kwa hiyo tukaegesha kwenye uwanja wa maonyesho. Abram alikula sahani mbili za viazi na soseji, akalala saa hiyohiyo, akikoroma kwa furaha. Nilikuwa sijamsikia akikoroma hivyo tangu tulipoondoka Altona.

Nikakaa peke yangu na kahawa. Na hapo ndipo nilipoona kwamba siku niliyokuwa naihangaikia tangu Oklahoma sasa ninayo mkononi. Usukani ni wangu. Kesho ningeweza kuendesha kwa mwendo wa konokono. Ningeweza kusema gurudumu halieleweki. Jumapili ilikuwa inaniita kwa jina.

Lakini ningemdanganya nani sasa? Mtu aliyekuwa anakoroma pale?

Asubuhi nilimwekea kikombe mbele yake.

"Abram, nilikuwa napoteza wakati makusudi. Ili tufike Jumapili, Penner asiweze kununua."

"Najua."

"Unajua?"

"Vira, umelisha Oklahoma yote chapati. Mimi ni mzee, si zuzu."

"Mbona ulinyamaza?"

"Zilikuwa tamu." Akakoroga kahawa. "Nilidhani hutaki tu kurudi nyumbani. Sikujua unamtaka Agatha kiasi hicho."

"Namtaka. Sasa niambie wewe. Mimi nikiendesha, bado unataka kumuuza?"

Akatazama nje, uwanja mtupu wa maonyesho na bendera inayopigwa na upepo.

"Kule Mission," akasema hatimaye, "watasema nini wakiniona nashuka upande wa abiria?"

"Watasema nitakachowaambia mimi."

Alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Kisha akajifuta, akasema, "Lakini Jumamosi ni Jumamosi. Nilimwahidi Penner atalikuta."

"Basi twende akalikute."

Nikamwasha Agatha, na sikupoteza hata dakika.

Penner alikuwa ameketi kwenye ngazi zetu tangu asubuhi, amevaa koti la kanisani. Mkewe Margreta alikuwa kando yake na kile kitambaa kimekunjwa kwapani. Nilipoingiza gari uani, Penner akaja mbio upande wa dereva, akanikuta mimi, akazunguka upande wa pili.

"Abram! Umekaaje huko?"

"Vizuri. Nimetazama mashamba. Miaka yote naendesha sijawahi kuyaona."

Penner akapiga magurudumu mateke, akafungua kabati, akafunga kabati, akajaribu kitanda. Margreta akatandaza kitambaa dirishani. Kilikuwa kibaya kuliko nilivyofikiri. Mimi nikachemsha kahawa, nikakata soseji, huku namwangalia Abram, maana alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, na Abram ni mtu wa ahadi.

"Haya, Abram," Penner akasema akisugua mikono. "Tumalizane."

"Mwulize dereva."

Penner akanitazama kana kwamba ameambiwa akaulize kiti. "Vira?"

Nilikuwa na hotuba nzima, nimeitunga tangu Kansas, ina sehemu ya kulia na sehemu ya kutukana. Yote ikanitoka kichwani.

"Hatuuzi, Diedrich."

"Nimekaa kwenye ngazi zenu tangu asubuhi!"

"Pole, kahawa iko tayari."

"Abram, uliniahidi!"

"Nilikuahidi utalikuta, na tukikubaliana utalichukua," akasema Abram taratibu. "Umelikuta. Hatujakubaliana. Samahani, ndugu yangu. Na dukani Winnipeg yapo mazuri, mimi nitakwenda nawe Jumatatu nikusaidie kuchagua."

Penner akashuka bila kugusa kikombe, akaingia kwenye gari lake, akafunga mlango kwa kishindo. Margreta alibaki. Alichukua kipande cha soseji, akaketi kimezani kwangu, akapitisha kiganja juu ya kitambaa chake.

"Huko Mission kukoje?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kuna watu. Njoo na kiti chako."

"Na mbegu za alizeti?"

"Gunia zima."

Nje honi ikalia. Akachukua kipande kingine cha soseji kwa ajili ya njiani, akaenda.

Kabla ya jioni mji mzima ulikuwa umeshajua kwamba Elvira Friesen amemwendesha Agatha kutoka Dakota na amemnyima Penner gari. Sijui habari ilienea vipi. Naam, watu wawili wa kwanza niliwapigia mimi. Lakini ile habari ya mikono ya Abram sikumwambia mtu, hata dada yangu, mpaka alipoieleza mwenyewe, kwa kicheko, mbele ya kinyozi. Ndiyo maana leo mnaisikia.

Jioni ile sikumkuta ndani ya nyumba. Nikamfuata uani. Alikuwa ameketi kwenye kimeza cha Agatha, taa imewashwa, ramani imekunjuliwa.

"Oktoba tusishike tena njia ile ya upepo," akasema bila kuinua kichwa. "Tushuke kwa Minnesota, tuingie Iowa. Ina miti. Wewe utaendesha, sawa, lakini njia napanga mimi."

"Panga, mume wangu," nikamwambia, nikajisogeza kando yake. "Tukifika Iowa nitakuambia tunakwenda wapi."